Gamba Katika Chupa ya Kumi na Saba

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akirudi kutoka kazini havui viatu kwanza. Anapita moja kwa moja chumbani, anamgusa mwanangu kisigino kwa ncha ya kidole na kusema, "Yupo." Kisha ananigusa mimi begani, "Yupo." Mume wangu alikuwa anamtegea mlangoni na bega lake limeinuliwa, anauliza kama yeye ni mgeni humu ndani mbona hahesabiwi. Shangazi anamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe nakusikia ukikoroma toka njiani. Sina haja ya kukugusa."

Kazini kwake walimwita Mama Yupo. Alikuwa mtunza buibui. Watu wakisikia hivyo hucheka, halafu huuliza kama ni kweli. Ni kweli. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye jengo refu jeupe nyuma ya hospitali, ambako wataalamu wanachunguza sumu na dawa. Chumba chake kilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi. Hakikuwa na dirisha, na joto lake lilikuwa lile la jikoni moto ukishazimwa. Kulikuwa na rafu tatu, kila rafu chupa kumi na nne za kioo, kila chupa imezibwa kwa pamba iliyoviringwa kwenye kitambaa. Ndani ya kila chupa kuna buibui mmoja, jike, mweusi, tumbo lake kama punje ya njegere iliyochovywa kwenye wino. Hawakai wawili, kwa sababu kesho yake utamkuta mmoja.

Kila asubuhi, hata Jumapili, shangazi alipita mbele ya rafu hizo. Kidole kwenye kizibo, jicho kwenye kioo. Yupo, yupo, yupo, mpaka arobaini na mbili. Kisha anafungua daftari na kuandika: wote wapo.

Mumewe alifariki zamani na hakujaliwa mtoto. Nilipojifungua alikuja kunisaidia wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi minane na hakuna aliyemkumbusha. Shangazi alimpa mwanangu wa kike jina la Mwenye Nyumba, maana, alisema, ndiye anayeamua nani alale na nani aamke, na kodi halipi.

Mimi nilifika kazini kwake mara moja tu, siku aliyosahau miwani. Nilimkuta na mtaalamu aliyekuwa anamfanyia kazi, mwanaume mrefu, mpole, ambaye shangazi alimwita Bwana Mistari. Nikaelewa kwa nini. Kwenye meza yake kulikuwa na bilauri ya maji ya chumvi, na ndani ya maji kitu kidogo chekundu kimening'inizwa kwa uzi, kinajikunja na kujikunjua. Uzi umefungwa kwenye kijiti, kijiti kina kalamu, na kalamu inachora milima kwenye karatasi inayozunguka polepole. Nikauliza ni nini. Shangazi akasema ni moyo wa chura.

"Na chura mwenyewe?"

"Tangu asubuhi hayupo. Moyo haujui."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha. Mimi nilitoka pale nimeshika kifua changu mwenyewe. Usiku nilipomlaza mtoto nikaweka sikio mgongoni kwake, na moyo wake ulivyokuwa unagonga nikajikuta nawaza, je, huu unajua?

Siku nyingine tukiwa tunachambua mchele nilimwuliza ile sumu inafanya nini hasa. Hakusoma kuliko mimi, lakini kukaa miaka kumi na tisa karibu na watu wanaojua si mchezo. Alitenga punje za mchele mafungu mafungu pembeni ya ungo. Akasema mwisho wa kila mshipa wa fahamu kuna vifuko vidogo ambavyo jicho halivioni, na ndani yake kuna maji ya kupeleka ujumbe. Moyo ukitakiwa uongeze mwendo, vinafunguka vifuko vichache, ujumbe unafika, basi. Ukitakiwa upunguze, mshipa mwingine unafungua vya kwake. Mishipa ya damu nayo inaambiwa hivyo hivyo, jikaze, legea. Kutwa kucha mwili unajisemesha kwa matone.

"Sasa sumu ya hawa mabinti zangu haiui moyo," akasema. "Inakwenda kwenye vile vifuko na kuvifungua vyote." Akapitisha mkono, mafungu yote yakamwagika pamoja. "Moyo unaambiwa kimbia na unaambiwa simama, kwa wakati mmoja. Mishipa ya damu inaambiwa jikaze, inajikaza kama nguo inayokamuliwa, presha inapanda. Na baadaye vifuko vikiisha, mshipa unataka kuita lakini hauna cha kutuma."

Nikamwuliza mtu anasikiaje hapo. Akasema hajui, yeye hajawahi kuumwa, anatumia koleo ndogo zenye sponji kwenye ncha na hashiki buibui kwa mkono wala siku moja. Tukaendelea na mchele.

Inabidi niseme sasa jambo ambalo kosa lake ni langu.

Pembeni ya kitanda chetu kulikuwa na kapu la nguo za mtoto, limesogezwa mpaka ukutani. Wiki moja hivi nilianza kuona nyuzi kati ya kapu na ukuta. Utando ninaoujua mimi ni kama moshi, ukiupitisha mkono hujui kama umekata kitu. Hizi zilikuwa chache, zimevutwa, na nilipozikata kwa ufagio zililia, tsk, kama uzi wa cherehani. Asubuhi ya pili zikawepo tena. Nikafagia. Ya tatu zikawepo. Mwenye Nyumba alikuwa ameanza kukaa, na mara mbili nilimkuta kashika uzi mmoja kwa vidole viwili, anauvuta na kuuachia, anacheka peke yake kwa namna ya mtoto anayechezewa na mtu. Sikumwambia shangazi. Niliona aibu. Nyumba ya mtunza buibui ijae utando, mume wangu angepata la kusema mwaka mzima.

Na chini kabisa ya kapu lile kulikuwa na koti jeupe la kazi la shangazi. Alikuwa nayo mawili, Ijumaa analeta moja nilifue. Ijumaa ile mtoto alikuwa anaota meno, hashikiki. Nikalitupa kwenye kapu nikasema kesho. Juu yake zikaja nepi, juu ya nepi zikaja blanketi, na mimi kila siku nachomeka mkono kutoa nepi za juu bila kufika chini.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa sita mchana, shangazi alirudi kabla ya muda wake. Nilikuwa napiga pasi. Alipita karibu yangu, hakunigusa bega. Nikajua kuna jambo kabla hajasema kitu.

"Mtoto yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Mwenye Nyumba alikuwa kwenye mkeka, ameegemea kapu, ana uzi mkononi.

"Mnyanyue," shangazi akasema. "Polepole. Usimkung'ute."

Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nilimnyanyua. Shangazi akamvua nguo yote, akampitia kwenye mikunjo ya shingo, makwapa, nyuma ya magoti, kati ya vidole, huku midomo yake inakwenda bila sauti. Mtoto akadhani anatekenywa. Alipomaliza alikaa kitini na ndipo akanieleza.

Siku ile ilikuwa ya kuwalisha. Buibui wale wanakula mara moja kwa siku kumi au zaidi. Alipofika chupa ya kumi na saba akaingiza nzi. Buibui alikuwa pale pale alipomwona kila siku, katikati ya utando, miguu minane imekunjwa. Nzi akatembea kwenye uzi. Akapanda juu ya mguu mmoja, akatembea mpaka kichwani, akakaa, akaanza kujisafisha mikono. Buibui hakutikisika. Shangazi akatoa kizibo akapuliza kidogo kwa mdomo. Buibui mzima akazunguka kama karatasi. Ndani hakukuwa na kitu. Lilikuwa gamba.

Buibui mchanga hujivua ngozi anapokua, na akishatoka, gamba linabaki limening'inia na miguu yake yote, hata vinywele. Ukilitazama kwa haraka, kupitia kioo chenye mikwaruzo, ni yeye. Na kizibo cha chupa ile kilikuwa kimelegea upande mmoja, nafasi ya kupita njegere. Gamba lilikuwa limekauka na kushika vumbi. Kwa kulitazama alikadiria siku tisa, kumi. Siku tisa ameweka kidole na kusema yupo.

"Chini ya rafu ile ndipo ninapotundika koti," akasema. "Nimetafuta chumba kizima. La pili nimeligeuza nje ndani. Lile la Ijumaa ya wiki iliyopita uliliweka wapi?"

Nilitazama kapu. Yeye akafuata macho yangu, na nikamweleza habari ya nyuzi.

"Zinalia zikikatika?"

"Zinalia."

Alifumba macho kidogo. Kisha akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani, akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya kiwiko. Nikamwambia tulibebe kapu zima nje tulichome moto. Akasema likitikiswa buibui atashuka, na njia yake ni upenyo huo huo wa ukutani. Akikimbilia chini ya kitanda, au kwenye godoro, tutalala naye bila kujua ni lini. Nikamletea mwiko. Akaukataa. Alisema mwiko haujui nini umegusa.

Alinisimamisha mlangoni na mtoto. Nilimwona akipiga magoti, akaingiza mkono kati ya kapu na ukuta, kiganja wazi, kuziba njia. Mkono mwingine ukaanza kutoa nguo moja moja. Blanketi. Nepi. Nepi. Kila moja aliipapasa kwa vidole kabla ya kuiweka upande, polepole, kama mtu anayetafuta uso wa mtu gizani. Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, dum, dum, na nikataka kumwambia aache lakini sikuthubutu kutoa sauti. Nilihesabu nepi kumi na moja. Kisha likaja koti, na mdomo wa mfuko wake ulikuwa umeshonwa kwa nyuzi nyeupe.

Shangazi hakulivuta. Aliubana mdomo wa mfuko kwa ngumi. Bega lake likashtuka mara moja, kidogo sana, kama mtu aliyeguswa na rafiki kwa nyuma.

"Yupo," akasema.

Aliomba chupa. Iliyokuwa karibu ilikuwa ya sukari. Nikaimwaga yote mezani. Akaingiza kona ya mfuko mdomoni mwa chupa na kuufungua, na yule binti mweusi akateremka kwenye kioo bila haraka, miguu mirefu, anang'aa, mkubwa kuliko gamba aliloliacha. Shangazi akafunga kifuniko. Kwenye shina la kidole gumba chake kulikuwa na vidoa viwili vyekundu ambavyo ningesema ni vya sindano.

"Chukua saa," akaniambia. "Nishike hapa kwenye kifundo. Hesabu dakika nzima. Usinitazame usoni, utakosea."

Nilihesabu themanini na nane. Nikataka kumpigia simu Bwana Mistari. Akasema tungoje kidogo, huenda aliuma bila kutia sumu, huwa wanafanya hivyo. Nilimwelewa. Kumpigia simu ni kumwambia habari za daftari. Mara tisa wote wapo, kwa mwandiko wake.

Akaanza kunisimulia mwili wake kabla haujafanya. Alisema sasa maumivu yatapanda mpaka kwapani, na baada ya muda akashika kwapa. Alisema jasho litatoka pale tu, na kweli lilitoka kuzunguka vile vidoa peke yake, matone makubwa, mkono uliobaki ni mkavu. Alisema nywele za mkono zitasimama, zikasimama, moja moja, nikiziona. Mia na nne. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu mwingine ndani yake anayetimiza maagizo, na yeye anayasoma kwa sauti.

"Tumbo sasa," akasema, na tumbo lake likawa gumu kama ubao.

Mia na ishirini na sita, na mapigo yenyewe hayakuwa sawa. Yanakimbia, yanakwama, yanakimbia. Shangazi alikuwa na presha miaka yote, vidonge vyake viko juu ya kabati. Nilimtazama usoni ingawa alinikataza. Midomo ilikuwa imevutwa pembeni, meno yanaonekana, macho yamevimba na kujaa machozi. Alikuwa anatabasamu. Halikuwa tabasamu lake na hakuwa na habari nalo. Mwenye Nyumba, mikononi mwangu, akamtazama, akatabasamu naye.

Hapo nilichukua simu yake nikapiga. Alinyoosha mkono kunizuia lakini vidole vilikuwa vimejikunja, havikufunguka. Nilimwambia Bwana Mistari kwa maneno machache. Hakuuliza mengi. Alisema tukutane hospitali, na nisiache ile chupa nyumbani.

Fundi redio, jirani yetu, alitupakia kwenye pikapu yake, mkewe akabaki na mtoto. Hospitali, daktari wa zamu alimbonyeza tumbo akasema huyu ni wa kupasuliwa. Nikaweka chupa ya sukari mezani kwake. Muuguzi aliyekuwa karibu alirudi nyuma hatua tatu. Walikuwa wameshambandika shangazi waya kifuani na mashine inatoa karatasi yenye milima, Bwana Mistari alipoingia kwa haraka na kikasha cha barafu. Aliinua chupa kwenye mwanga, akageuza, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akainama kwa shangazi.

"Ametoka chupa ipi, mama?"

Ilimchukua muda kupata pumzi. Nilifikiri atasingizia kizibo.

"Kumi na saba. Toka Alhamisi ya wiki iliyopita. Nimekuandikia siku tisa wote wapo, na nilikuwa nahesabu gamba."

Bwana Mistari akampa daktari kile kikasha, ndani mkiwa na dawa ya kukata sumu. Daktari alieleza kwamba dawa ile yenyewe inaweza kumfunga mgonjwa pumzi, na kwa presha ile hawawezi kungoja wala hawawezi kuharakisha, wataiingiza kwenye mshipa tone kwa tone. Wakaanza. Mimi nilishika miguu yake, ilikuwa ya baridi kama sakafu. Bwana Mistari alisimama akiitazama karatasi inayotoka kwenye mashine, uso wake ule ule niliouona siku ya bilauri.

"Unafanana?" shangazi akauliza.

"Nini?"

"Mstari wangu. Na wa chura."

Alifikiri kabla ya kujibu, na nampenda mpaka leo kwa sababu alifikiri.

"Wa kwako una mwenyewe," akasema.

Shangazi akamwomba jambo moja tu, aende akawapulizie wengine wote, asiwatazame, awapulizie. Akaenda. Dawa iliendelea kushuka. Sijui ni saa ngapi zilipita, lakini jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili wakati lile tabasamu lilipomtoka usoni, kidogo kidogo, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba, na chini yake akatokea shangazi, amechoka, amekasirika. Akauliza nani yuko na mtoto. Bwana Mistari alirudi akasema arobaini na mmoja, wote wametikisika.

Alikaa hospitali siku nne na nyumbani wiki mbili. Vidole vya mkono ule vilitetemeka muda mrefu, na alikuwa akichoka kwa ghafla, katikati ya sentensi, anakaa anatazama mbele kana kwamba anangoja ujumbe uliochelewa. Kazini walimpa barua ya onyo na kumwekea mtu wa pili wa kuhesabu nyuma yake. Alisema ni haki. Siku ya kwanza kurudi aliomba daftari lile, akakata wote wapo mara tisa kwa rula, na pembeni ya kila moja akaandika gamba. Yule wa kumi na saba alirudishwa chupani mwake, kizibo kipya. Nilimwuliza kama hamchukii. Alisema binti alikuwa kwenye mfuko wake ametulia, aliyemfuata ni yeye.

Kidole aliacha. Siku hizi akirudi anainama juu ya Mwenye Nyumba aliyelala na kumpuliza kwenye paji la uso, taratibu, mpaka mtoto akunje uso. Ndipo anasema. Mume wangu anapulizwa sikioni na anaruka kila siku kama mara ya kwanza.

Juzi mchana niliingia na beseni la nguo nikamkuta kitini, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, mikono imekunjwa mapajani. Mwanga wa dirisha ulikuwa unampiga na ngozi yake ilionekana nyepesi sana. Nilisimama. Nilisikiliza, sikusikia kitu. Nikaweka beseni chini bila kuligonga, nikamsogelea, nikainama, nikampuliza.

Kope lilicheza.

"Yupo," nikasema, kwa sauti ya chini, kwa ajili yangu tu.

"Na mtoto?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Nimeshampulizia."